Umoja wa Mwili Kama Tendo: Kinga, Nafsi na Mgeni

Swali la ni kitu gani kinachomfanya mtu awe yeye na si mwingine ni la kale katika falsafa na katika elimu ya dini, na kwa karne nyingi waliolishughulikia walilitafutia jibu katika fahamu au katika roho, mara chache katika nyama na damu. Ibn Sina, aliyeishi kati ya mwaka 980 na 1037 na ambaye alikuwa tabibu mashuhuri kama alivyokuwa mwanafalsafa, aliwataka wasomaji wake wamfikirie mtu aliyeumbwa mara moja akiwa mkamilifu, anayeelea hewani huku macho yake yamefunikwa na viungo vyake havigusani wala havigusi kitu chochote. Mtu huyo, kwa maoni yake, asingejua kwamba ana mikono au miguu, lakini asingeshindwa kujua kwamba yupo. Hoja hiyo ilikusudiwa kuonyesha kwamba nafsi hujijua bila kupitia mwili. Jambo ambalo Ibn Sina hakuwa na njia ya kulijua ni kwamba mwili nao, hata mwenyewe akiwa amelala fofofo, una namna yake ya kutenganisha kilicho chake na kisicho chake, na kwamba namna hiyo haina hata chembe ya ule uhakika wa papo kwa papo aliouona katika mtu wake wa hewani.

Elimu ya kinga, yaani tawi la biolojia linaloeleza jinsi mwili unavyojihami dhidi ya maradhi, ilianza kwa kudhani kwamba utenganisho huo ni jambo jepesi. Mwaka 1882, mjini Messina, Elie Metchnikoff alichomeka miiba midogo katika viumbe wachanga wa kiti cha pweza, akaona seli zinazotembea zikikusanyika na kuuzingira mwiba, na kutokana na hapo akajenga nadharia kwamba wanyama wana seli maalumu za kumeza kila kigeni kinachoingia. Karibu miaka ishirini baadaye, Paul Ehrlich na mwenzake Julius Morgenroth waliwadunga mbuzi damu ya mbuzi wengine, wakagundua kwamba wanyama hao walitengeneza kingamwili, ambazo ni protini za kwenye damu zinazonasa umbo fulani na kuliacha jingine, dhidi ya damu ya wenzao, lakini hawakutengeneza zilizoharibu damu yao wenyewe. Ehrlich alilipa jambo hilo jina la Kilatini lenye maana ya hofu ya kujitia sumu. Yeye mwenyewe alikuwa mwangalifu, kwa kuwa alizungumzia utaratibu unaozuia madhara. Waliomfuata, kama ilivyo desturi ya wafuasi, waliigeuza tahadhari ya mwalimu kuwa kanuni, wakafundisha kwamba mwili hauwezi kujishambulia. Walifundisha hivyo ingawa mwaka 1904 Julius Donath na Karl Landsteiner, mjini Vienna, walikuwa tayari wameeleza ugonjwa ambao kingamwili za mgonjwa huvunja chembe nyekundu za damu yake mwenyewe baada ya kupatwa na baridi. Ilipita nusu karne kabla ya uchunguzi wa tezi ya shingo, mwaka 1956, kuwalazimisha wataalamu wakubali kwamba kinga huweza kweli kumgeukia mwenye nayo.

Kwamba kanuni ile haikuweza kuwa kweli kulidhihirika kikamilifu pale ilipoeleweka kinga inavyopata uwezo wake. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini, ilhali maumbo ambayo seli zake za kinga zinaweza kuyatambua ni mamilioni kwa mamilioni, yakiwemo ya kemikali zilizotengenezwa maabara ambazo hazikuwahi kuwapo duniani wakati jeni hizo zilipokuwa zikirithishwa. Mwaka 1976 Susumu Tonegawa, akifanya kazi mjini Basel, Uswisi, alionyesha jinsi hilo linavyowezekana: seli za kinga zinapokomaa hukata vipande vya jeni na kuviunganisha upya, kila seli kwa mpangilio wake, hivyo kila moja hupata kipokezi chake, yaani protini ya juu ya seli inayoshikamana na umbo la aina moja. Uunganishaji huo ni wa kubahatisha. Haujui ni kimelea gani kitakachokuja kesho, na kwa sababu hiyohiyo haujui ni protini gani zilizomo ndani ya mwili tangu jana, kwa hiyo lazima baadhi ya vipokezi vishikamane na moyo, ini au kongosho la mwenye mwili. Uwezo wa kumtambua mgeni ambaye hajawahi kuonekana na hatari ya kujidhuru vinatoka katika chanzo kimoja, na hakuna njia ya kuuchukua uwezo na kuiacha hatari.

Basi mwili unajuaje kilicho chake? Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka kwa ng'ombe. Mwaka 1945 Ray Owen, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alieleza kwamba ndama pacha wasiofanana, ambao mishipa yao ya damu huungana wakiwa bado tumboni, huzaliwa kila mmoja akiwa na chembe za damu za mwenzake, na huendelea kuwa nazo wakiwa wakubwa bila kinga yao kuzikataa. Chembe hizo, kwa kipimo chochote cha nasaba, si za ndama aliyezibeba; hata hivyo mwili wake huzihesabu kuwa zake. Frank Macfarlane Burnet wa Melbourne, akiandika pamoja na Frank Fenner mwaka 1949, aliona maana ya jambo hilo kuliko wengi: kama kilichokuwapo mapema huhesabiwa kuwa cha mwili, basi mwili hauzaliwi ukijijua, hujifunza kujijua katika kipindi maalumu cha ukuaji. Mwaka 1953 Peter Medawar na wenzake Rupert Billingham na Leslie Brent, mjini London, waliwadunga panya walio bado tumboni seli za panya wa nasaba nyingine. Walipokua, panya hao waliipokea ngozi iliyopandikizwa kutoka nasaba ile, na wakaikataa ngozi ya nasaba ya tatu. Burnet na Medawar walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1960, na falsafa ilipewa, bila sherehe yoyote, ushahidi kwamba mpaka wa mwili si kitu kilichoandikwa katika urithi peke yake. Una tarehe, na tarehe hiyo huweza kusogezwa na mtu mwenye sindano.

Mahali ambapo sehemu kubwa ya mafunzo hayo hufanyika ni tezi ya thaimasi, iliyoko nyuma ya mfupa wa kidari, ambayo kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipowaondolea tezi hiyo panya wachanga na kuwaona wakikosa kinga. Seli zinazopitia humo huitwa seli T. Kila moja hupimwa mara mbili: kwanza kama kipokezi chake kinaweza kushika, japo kwa ulegevu, alama za utambulisho za mwili wenyewe, na isiyoweza hufa kwa kukosa ishara ya kuishi, kisha kama kinazishika kwa nguvu mno, na inayofanya hivyo huamriwa kujiua. Zinazotoka salama ni chini ya 5 katika kila 100. Ili kipimo cha pili kiwe na maana, thaimasi hulazimika kuonyesha protini ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwingine, kwa mfano insulini ya kongosho, na hufanya hivyo kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE, iliyotambuliwa mwaka 1997 kwa watu ambao jeni hiyo imeharibika na ambao kinga yao hushambulia tezi moja baada ya nyingine. Kiungo kimoja, kwa maneno mengine, huigiza mwili mzima mbele ya seli changa, na seli huhukumiwa kwa jinsi zinavyoitikia maigizo hayo.

Msomaji mwenye mazoea ya maadili anaweza kushtuka hapa, kwa kuwa seli zinauawa kabla hazijatenda lolote, kwa kosa ambalo pengine zisingelitenda kamwe. Mshtuko huo una manufaa mradi usipelekwe mbali. Seli haina dhamira, haiahidi wala haivunji ahadi, na neno hukumu likitumiwa juu yake ni la kuazima tu. Anayesoma humo ruhusa ya kuwaadhibu watu kwa wanayoweza kuja kuyatenda amesahau kwamba alichokuwa akikisoma ni tezi.

Lenye maana zaidi kwa falsafa ni kile kipimo cha kwanza, ambacho waandishi wengi hukipita haraka. Mwaka 1974 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakiwa Canberra, Australia, walichapisha matokeo yaliyowashangaza watu wa fani yao: seli T za panya aliyeambukizwa virusi ziliua seli nyingine zilizoambukizwa virusi hivyohivyo, lakini pale tu seli hizo zilipobeba alama za utambulisho zinazolingana na za panya mwenyewe, na zilipotoka katika nasaba yenye alama tofauti ziliachwa ingawa maambukizi yalikuwa yaleyale. Karibu kila seli ya mwili huwa na protini juu yake, ambazo kwa binadamu huitwa HLA, zinazochukua vijipande vya protini kutoka ndani ya seli na kuvishikilia nje vionekane. Seli T haimwoni mgeni akiwa peke yake. Huona kipande cha mgeni kikiwa mkononi mwa mwenyeji, na kama mkono huo si wa mwenyeji inayemfahamu, mara nyingi haioni kitu. Kuna pia seli za kuua za asili, ambazo Klas Kärre wa Sweden alizieleza mwaka 1986 kwamba hufuata mantiki iliyogeuzwa: huua seli ambayo imepoteza alama ya utambulisho, kama zifanyavyo baadhi ya seli za saratani na zile zilizotekwa na virusi vinavyoficha alama hizo. Katika njia zote mbili kinachosomwa ni hali ya kilicho cha mwili. Ugeni hutambuliwa kama badiliko ndani ya ujamaa, na hii ina maana kwamba wale wanaodhani utambuzi wa adui hutangulia utambuzi wa jamaa wameupanga mlolongo kinyume.

Hata baada ya mchujo wa thaimasi, seli zinazoweza kushambulia mwili hubaki katika damu ya kila mtu mwenye afya. Hili halikubaliki kwa urahisi, kwa kuwa watu hupenda kuamini kwamba afya ni kutokuwapo kwa hatari. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi alionyesha kwamba kuna kundi la seli T ambalo kazi yake ni kuzituliza nyingine, na mwaka 2001 Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitambua jeni, iitwayo FOXP3, ambayo ikiharibika panya huugua ugonjwa mkali wa kinga na watoto wa kiume wanaoirithi ikiwa na kasoro hushambuliwa na kinga yao tangu uchanga. Watatu hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. La kuzingatiwa ni kwamba nyingi ya seli hizi za utulivu zina vipokezi vinavyoshika protini za mwili wenyewe kwa nguvu kiasi, karibu na kiwango ambacho kingezifanya ziuawe. Yaani zile zilizokaribia kuwa hatari ndizo zilizopewa kazi ya amani. Amani ya mwili, basi, hulindwa kila saa na seli zilizo hai, na siku zinapolegea huvunjika.

Kufikia hapa inaonekana wazi kwamba mpaka kati ya chetu na kisicho chetu haufuati nasaba. Ndani ya utumbo wa mtu mzima wanaishi bakteria wanaokadiriwa, kwa hesabu zilizochapishwa mwaka 2016, kuwa trilioni 38, dhidi ya seli za mwili wenyewe trilioni 30 hivi, na kinga haiwafukuzi. Huwazuia wasivuke ukuta wa utumbo, huku wao wakishiriki kuikuza. Mimba ni mfano ulio mgumu zaidi, kwa sababu nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba na kwa kanuni za upandikizaji alistahili kukataliwa kama figo ya mtu baki. Medawar alilitaja fumbo hilo mwaka 1953. Sehemu ya jibu ni kwamba seli za kondo la nyuma zinazokutana na damu ya mama hazibebi alama nyingi za kawaida za HLA, na badala yake hubeba moja, HLA-G, inayozituliza seli za kuua za asili. Wala uhusiano huo haumaliziki kwa kukata kitovu: mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliripoti kupata seli za kiume katika damu ya wanawake waliowahi kubeba mimba za watoto wa kiume, mmoja wao miaka 27 baada ya kujifungua. Mama hubeba mtoto wake katika damu kwa maana isiyo ya kishairi hata kidogo.

Kutokana na mambo kama haya, Polly Matzinger alipendekeza mwaka 1994 kwamba kinga haiulizi kama kitu ni kigeni, huuliza kama kuna madhara, na kwamba ishara inayoiamsha hutoka kwa seli za mwili zilizojeruhiwa. Nadharia yake ina nguvu, ingawa inamwachia msomaji mzigo wa kueleza madhara ni yapi bila kurudi kimyakimya kwenye dhana ya chetu na kisicho chetu. Mwanafalsafa wa Ufaransa Thomas Pradeu amekwenda njia nyingine, akishikilia kwamba kinga huitikia badiliko la ghafla katika maumbo inayokutana nayo, na kwamba kilichodumu polepole huhesabiwa kuwa sehemu ya mwili, kiwe kimetoka wapi. Kwa mtazamo huu umoja wa mwili haupatikani katika kiini fulani kilichofichwa. Hupatikana katika mwendelezo wa tendo. Huenda Aristotle, aliyeiona roho kuwa utendaji wa kiumbe hai wala hakuiona kuwa abiria ndani yake, angelikuta hilo karibu na mafundisho yake kuliko Ibn Sina.

Upande wa pili wa jambo hili unajulikana vizuri na wafugaji wa Afrika Mashariki, wawe wanalijua kwa jina la kitaalamu au la. Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kimelea Theileria parva na kusambazwa na kupe, huua ng'ombe kwa njia ya ajabu: kimelea huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wenyewe, huzifanya zigawanyike bila kukoma kama saratani, na chembe inapogawanyika nacho hugawanyika pamoja nayo, kila binti akirithi sehemu yake. Kimelea kikiuawa kwa dawa, chembe huacha kuzaana. Nyati hukibeba bila kuugua. Muguga, karibu na Nairobi, ndiko ilikotengenezwa katika miaka ya 1970 chanjo inayotumia kimelea hai pamoja na dawa ya kukidhibiti, ambayo imetumiwa sana na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Je, chembe iliyotekwa ni ya ng'ombe au ya kimelea? Kwa urithi ni ya ng'ombe. Kwa tendo imeacha kuwa yake. Kama vile ndama wa Owen alivyopokea chembe za mwingine zikawa zake, ng'ombe mwenye ndigana anaweza kuuawa na chembe zilizo zake kabisa.

Kwa wanadini swali huwa zito zaidi, kwa kuwa hoja ya utaratibu wa maumbile, iliyopendwa na wanatheolojia wa Kiislamu na wa Kikristo, na ambayo William Paley aliipa umaarufu kwa Kiingereza mwaka 1802, hutegemea viungo vinavyoonekana kutengenezwa tayari kwa kazi yake. Kinga haikutengenezwa hivyo. Hupata usahihi wake kwa kubahatisha mno kisha kutupa karibu yote, na bado hukosea. Anayesema kwamba ubahatishaji huo unamfuta Muumba anadhani Muumba lazima afanye kazi kama seremala. Anayesema kwamba mwili ni mkamilifu bila kasoro hajazungumza na mzazi wa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye seli zake T zimeharibu seli zinazotengeneza insulini. Mtoto huyo hakutenda dhambi, wala hakuna aliyemtendea. Visa vya Ayubu, ambavyo Biblia na Kurani zote mbili zinavyo, vinatosha kuwanyamazisha wale wanaotafuta kosa la mgonjwa, na inasikitisha kwamba bado wapo mimbarini wanaolitafuta.

Wapo pia watakaoharakisha kusema kwamba elimu ya kinga imethibitisha falsafa ya Kiafrika ya utu, ile ambayo John Mbiti aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, kwamba mtu hupata kuwa mtu ndani ya jamaa. Haraka hiyo izuiwe. Falsafa ya Mbiti inazungumzia wajibu, majina, mazishi na ndoa, na haihitaji ushahidi wa seli ili isimame. Ikiegemezwa juu ya maabara itaanguka siku maabara itakapobadili maoni yake.

Hatari kubwa, hata hivyo, iko upande mwingine. Kwa zaidi ya karne moja wanasiasa wamelifananisha taifa na mwili, na waliowachukia wamewaita vimelea, uchafu au wadudu. Katika Rwanda ya mwaka 1994 redio iliwaita Watutsi mende, na mauaji yakafuata. Lugha hiyo hudai kupewa heshima ya sayansi, kana kwamba kumfukuza aliye tofauti ni jambo ambalo kila mwili hulifanya. Mwili haulifanyi. Hulisha matrilioni ya bakteria, huhifadhi seli za watoto waliokwisha kuolewa, hauwezi hata kumtambua adui isipokuwa kupitia alama za jamaa, na huwekeza sehemu kubwa ya nguvu zake katika kujizuia. Anayetaka kuuita mwili shahidi wa usafi wa asili ana wajibu wa kutaja ni mwili upi, kwa sababu ule uliochunguzwa tangu ndama wa mwaka 1945 hautoi ushahidi huo.